Bei ya Landrova Yenye Nyuki

Nyuki walikuwa wamerudi kwenye landrova ya Baba. Wanarudi kila jua linapoanza kuwa kali na nyasi za pembezoni mwa mtaa wetu wa Misunkumilo zinapogeuka rangi ya chai. Hawajengi humo. Wanaingia kwa tundu lililo chini ya mlango wa dereva, wanakizunguka kiti cha katikati, wananusa, wanatoka. Wanatafuta asali iliyomwagika kabla sijaanza shule. Ndoo nzima ilipinduka tukitoka msituni. Baba alifuta, Mama akasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, lakini asali ilikuwa imeshazama ndani ya sponji, kule ambako mkono haufiki. Miaka yote hiyo ukifungua mlango mchana, harufu ya kwanza inayokupokea ni petroli, ya pili ni vumbi la karanga, na ya tatu, ukiwa na subira, ni ile asali.

Niliufungua mlango huo majuzi kwa sababu mtu wa Arusha alinipigia simu akitaka bei. Anatafuta magari ya zamani, anayafufua, anayauza kwa watu wanaoyapenda. Aliona picha ambazo kaka yangu Daudi alizirusha mtandaoni. "Dada, mimi sina maneno mengi," alisema. "Nitakuja Mpanda na lori mara moja tu. Nitajie bei ambayo wewe mwenyewe ukiitaja utalala." Nilimwomba siku tatu. Sikulala zote tatu.

Baba alifariki mwaka jana, mvua zikiishia. Tangu hapo landrova ilikaa kwenye banda la bati pembeni ya ghala la karanga, imefunikwa turubai, na Mama akaamua iuzwe ikiwa bado inawaka. Pesa yake Daudi anunue bajaji iliyotumika, aachane na pikipiki inayomvunja mgongo, na itakayobaki ibadilishe mabati ya nyumba. Mpaka hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilianza Mama aliposema bei nitaitaja mimi.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza. "Kaka Daudi ndiye mkubwa. Na injini anazijua."

Mama alikuwa anapepeta karanga, hakuinua kichwa. "Wewe ndiye uliyekuwa unashinda na baba yako kwenye ile gari. Halafu wewe ndiye umesoma."

Nimesoma, ni kweli. Nina shahada ya mipango na mwaka wa pili sasa niko nyumbani bila kazi, kwa hiyo nilipopewa kitu cha kupanga nilikipanga kupita kiasi. Nilichukua daftari nikachora jedwali. Mnunuzi wa chuma chakavu alisema milioni mbili na nusu, tena kwa kuihurumia. Fundi aliyekuwa anaitengeneza enzi za Baba alisema landrova ya umri ule, ikiwa nzima, mtu anayeijua anatoa kumi na mbili. Mtandaoni niliona wazungu wakiziuza kwa bei ya nyumba nikafunga haraka, maana tamaa nayo ni ugonjwa. Nikarudi kwa fundi, tukakadiria gharama ya kuitibu kila inapoumwa, ikafika milioni tatu. Kumi na mbili kutoa tatu ni tisa. Mtu mwingine angeishia hapo na kupiga simu.

Mimi niliendelea. Nikitaja tisa, atataka nipunguze, kwa hiyo nitaje kumi na moja ili nishuke mpaka tisa? Lakini nikitaja kumi na moja wakati naamini ni tisa, si nitakuwa nimedanganya? Na nikitaja tisa nikakataa kushuka, si ataona nina kiburi, akaahirisha lori, na landrova ikaozea bandani? Na mwisho kabisa wa jedwali niliongeza mstari ambao sikuupa jina. Niliandika tu: milioni tano. Jumla ikawa kumi na nne.

Daudi alichungulia daftari akapiga mluzi. "Msomi, hii tano ni ya nini?"

"Ni ya mambo mengine."

"Mambo gani? Harufu?"

Nilifunga daftari. Hiyo tano ilikuwa yake. Ilikuwa ni ng'ombe watano, kwa bei ya mnadani ya siku hizi, ambao tangu nikiwa na miaka tisa niliamini nimewapoteza kwa mdomo wangu, na kwa kuwapoteza nikamtoa kaka yangu shuleni.

Landrova hiyo Baba aliinunua kwa watu wa misheni walipopata gari jipya. Alibebea karanga kutoka Kasokola kuleta mjini, alibebea asali, wagonjwa, maharusi, na mara nyingine jeneza, na siku ya jeneza alikuwa anaiosha mara mbili, kwenda na kurudi. Nafasi yangu ilikuwa kiti cha katikati, mguu mmoja huku na mwingine huku, gia ikiwa katikati ya magoti yangu. Gia namba mbili ilikuwa na tabia ya kuruka. Tukipanda mlima, ghafla inachomoka, injini inapiga kelele na gari linaanza kurudi nyuma. Baba hakuweza kuizuia kwa sababu usukani nao ulitaka mikono yote miwili. Kwa hiyo alikuwa anasema tu, "Vero, shika," nami naishika kwa viganja vyote, nimeuma meno, mtetemo unapanda mpaka kwenye masikio. Tukifika juu anasema, "Achia," naachia, viganja vinawasha kama nimeshika upupu.

Nyie mliokulia kwenye magari mazima hamtanielewa, lakini mimi niliamini kila landrova duniani hutengenezwa na nafasi ya mtoto katikati, wa kushika gia namba mbili. Nilipoona gari jingine linapita na dereva yuko peke yake, nilimhurumia. Nilijiuliza anapandaje milima.

Kiangazi kimoja, Daudi akiwa kidato cha nne, Baba alikata boksi la sabuni, akaandika INAUZWA kwa mkaa, akaliweka kwenye kioo cha mbele. Hakutuita kutueleza. Jioni tu nilimsikia akimwambia Mama kwamba kijana akifaulu, kidato cha tano kitahitaji hela ya mkupuo, na hela ya karanga inakuja kwa kudonoa. Mimi nililisikia hilo, nikalielewa lote kwa akili ya darasa la tatu: landrova ikiuzwa, Daudi anasoma. Isipouzwa, hasomi.

Watu walikuja, wakapiga teke matairi, wakaondoka. Kisha akaja mzee Masanja kutoka Mwamkulu. Alikuwa Msukuma mrefu, alihamia kwetu na mifugo yake kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, na alipotembea fimbo ilikuwa mabegani na mikono imening'inia juu yake. Alitaka gari la kubebea mpunga na ndama, na hakuwa analipa kwa noti. Analipa kwa ng'ombe. Aliizunguka landrova taratibu. Aliigonga bodi kwa fimbo, akainama kutazama matairi kama anatazama kwato, akaomba boneti ifunguliwe akanusa injini.

"Ng'ombe kumi na watano," Baba alisema.

Mzee Masanja aliuliza, "Nani anaichunga hii?"

"Unasemaje?"

"Nani anakaa nayo kutwa nzima? Mwenye mali namjua, ni wewe. Namtaka mchungaji."

Baba alicheka, akaninyooshea kidole. Mzee alinifuata, akachuchumaa mbele yangu, fimbo akailaza chini. "Ng'wanone," aliniita, kama anavyowaita watoto wake mwenyewe. "Hebu nieleze. Gari hii inaumwa nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la maana kiasi hicho. Nilijisikia nimepewa kiti.

"Haiumwi," nilisema. "Gia namba mbili inaruka tu. Lakini mimi naishika."

"Unaishika?"

"Kwa mikono miwili. Mpaka juu kabisa ya mlima."

"Haya. Breki yake?"

"Breki unakanyaga mara tatu. Ya kwanza haisikii, ya pili inasikia kidogo, ya tatu inasimama. Kama bibi ukimwita."

Nilimsikia Daudi akikohoa mlangoni mwa jikoni. Nilidhani ni moshi.

"Maji inakunywa?"

"Sana! Kwenda Kasokola madumu mawili. Kurudi dumu moja."

"Na hapa?" Aliingiza ncha ya fimbo kwenye tundu la sakafuni.

"Hapo ni pa kuangalia barabara. Mvua ikinyesha unanawa miguu humohumo. Halafu kuna nyuki, wanakuja kiangazi, ila hawaumi. Wanatafuta asali yao."

Nilikuwa nasifia. Naapa nilikuwa nasifia. Kila nilichokitaja ndicho kilichoifanya landrova yetu iwe yetu, na nilitaka mzee huyo ajue anachukua kitu cha namna gani. Ndipo nilipomtazama Baba. Alikuwa anatazama chini, anachora udongo kwa ncha ya kandambili. Daudi alikuwa ameshika kichwa.

Mzee Masanja alisimama, magoti yakalia. "Kumi," alisema.

"Mzee Masanja, jamani. Sema hata kumi na watatu."

"Kumi. Na ndama jike mmoja, wa huyu." Alinigusa kichwani.

"Ngoja nifikirie."

"Fikiria. Jumapili ya pili nitakuja na vijana wangu."

Walipeana mikono. Baba aliifunga boneti, akaifuta vumbi kwa kiganja, akasema bila kunitazama, "Umesema kweli." Basi. Kwa jinsi alivyolisema neno hilo ingeweza kuwa sifa na ingeweza kuwa hukumu, na mimi nikiachiwa kuchagua, huwa nachagua hukumu.

Usiku huo na siku zilizofuata nilipiga hesabu. Gia, moja. Breki, mbili. Maji, tatu. Tundu, nne. Nyuki, tano. Kumi na tano kutoa tano ni kumi. Hesabu ilikaa sawasawa kiasi kwamba sikuona mlango wa kutokea. Kila kasoro niliyoitaja ilikula ng'ombe mmoja. Hata nyuki, ambao hawakuwa na kosa lolote, walikula ng'ombe wao. Na ndama yule niliyetolewa mimi, kwangu alikuwa kama pipi anayopewa mtoto aliyeumia.

Niliacha kuongea. Si kwa kususa, kwa woga. Nilijua mdomo wangu una nguvu ya kuondoa ng'ombe zizini. Mwalimu akiniuliza sita mara saba nilisema sijui, wakati najua. Mama akiuliza nimeshiba nasema sijui. Daudi alinitania kwamba nimemezwa ulimi na paka, kisha utani ukamwisha, akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Kila jioni nilikwenda kusimama kando ya barabara ya kuelekea Mwamkulu kuangalia vumbi. Vumbi la ng'ombe ni tofauti na la gari, linapanda polepole na linakaa. Jumapili ya kwanza niliomba Mungu mzee Masanja asije, kwa sababu niliipenda landrova. Jumapili ya pili ilipofika hakuja kweli, na nilifurahi kwa siku moja hivi, mpaka nilipokumbuka maana yake ni nini. Kuanzia hapo niliomba aje. Niliomba aje hata na watano.

Hakuja. Mvua zilianza, matokeo ya kidato cha nne yakatoka, na nilimsikia Baba akimwambia jirani kwenye uzio, "Mwaka huu hela haijakaa vizuri. Daudi atasubiri kidogo." Boksi la INAUZWA lilitolewa kwenye kioo, Mama akalitumia kuwashia moto. Daudi alichukua jembe, miaka miwili baadaye akachukua pikipiki ya mtu, na hakurudi shule.

Mimi nilirudi kuongea, mtoto hawezi kunyamaza milele. Lakini ukinitazama vizuri utaona sijarudi kabisa. Kabla ya kutuma ujumbe nausoma mara nne. Kwenye usaili wa kazi waliniuliza udhaifu wangu ni upi, nikakaa kimya kwa muda mrefu hadi mmoja wao akaniuliza kama mtandao wangu umekata, wakati tulikuwa chumba kimoja. Ndiyo maana siku ya tatu, bado sina bei, nilimwambia Daudi anipeleke Mwamkulu. Nilimwambia nataka kumuuliza mzee Masanja, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kuipima landrova ile kwa makini. Hilo lilikuwa kweli, ila nusu yake.

Tulimkuta zizini, amepinda mgongo, anagombana na mjukuu wake kuhusu namna ya kumnywesha ndama dawa. Daudi hata hakupewa nafasi ya kusalimia vizuri. "Wewe, shika mguu huo!" mzee aliamuru, na kaka yangu akajikuta amepiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya kutokea. Kisha mzee alinitazama, macho yamefifia lakini bado yanatafuta.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa marehemu mwenye landrova," Daudi alisema.

"Aaa! Mtoto wa gia!"

Nilitaka kuanza na bei. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiuliza, "Mzee, kwa nini hukurudi?"

"Kurudi wapi?"

"Kuichukua landrova. Jumapili ya pili."

"Kwani baba yako hakuwaambia? Nilimtumia mtu. Kijana wangu alioa. Wakwe wale wakataka ng'ombe zote mara moja, hawataki nusu nusu. Ziliondoka zote, mpaka yangu ya maziwa. Ningenunua gari na nini? Na kuku?"

"Kwa hiyo si kwa sababu yangu?"

"Wewe ulifanya nini?"

Nilimweleza. Gia, breki, maji, tundu, nyuki. Kumi na tano kutoa tano. Nilipofika kwa nyuki, mzee Masanja alianza kucheka, akacheka mpaka akakilegeza kichwa cha ndama, na dawa yote ikaishia kwenye shati la mjukuu.

"Ng'wanone, sikiliza. Mimi nilitoka hapa na nane kichwani. Nane, basi. Ile kumi na tano ya baba yako ilikuwa ya kusalimiana tu, kila mtu anasalimia hivyo. Sasa, mimi nikikuta ng'ombe mgeni mnadani, sijui inaumwa nini, natoa nusu ya bei. Nusu nyingine naiweka, maana ugonjwa utakuja nikiwa nimeshafika nayo nyumbani. Wewe uliniambia ugonjwa wote. Nikasema hapa hakuna kilichojificha. Ndiyo nikaongeza mbili."

"Ukaongeza?"

"Nikaongeza! Na ndama wako. Sisi tukimkuta mchungaji hafichi, tunamtolea ndama wake mwenyewe. Baba yako alilijua hilo. Nilimwambia palepale tunaagana."

Umesema kweli. Nilisimama pale zizini na neno la Baba likageuka taratibu kichwani, likanionyesha upande wake wa pili.

Daudi alikuwa bado ameshika mguu wa ndama. "Hebu subiri," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa unadhani mimi niliacha shule kwa sababu ya ile gari?"

"Baba alisema hela haijakaa vizuri."

"Vero. Nilipata ziro."

"Ziro gani?"

"Divisheni ziro. Ziro ya mviringo kabisa, hata kona haina. Baba alikuwa ananisitiri kwa majirani. Ungetaka aseme nini kwenye uzio?"

"Ungeniambia!"

"Wewe ulikuwa wa kwanza darasani kila muhula. Nikuambie wewe?"

"Hiyo ziro ni ng'ombe ngapi?" mzee Masanja aliuliza, na mjukuu wake akalazimika kugeuka ukutani kuficha kicheko.

Ningependa kuandika kwamba nilipata nafuu hapohapo. Haikuwa hivyo. Nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo wa jirani kutoka mbali, akafika, akaambiwa jirani wala hakupoteza mzigo wowote. Niliona hata hasira kidogo. Tukiwa njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, Daudi akasema kwa sauti ya juu kushinda pikipiki, "Ile tano kwenye daftari ilikuwa yangu?"

"Ndiyo."

"Kifute hicho kitu. Nisije nikanunua bajaji kwa hela ya ujinga wako."

Niliufuta mstari ule. Na kuhusu bei ya leo, mzee Masanja alikataa kusaidia. Alisema hata bure haitaki, wajukuu wake wanataka pikipiki. Kwa hiyo niliketi kwenye kiti cha katikati, nyuki wakinizunguka, nikampigia mtu wa Arusha. Mkono mmoja niliuweka juu ya gia. Nilimwambia gia namba mbili inaruka. Nilimwambia breki ni mara tatu. Nilimwambia kuhusu maji, tundu, na nyuki.

"Dada, unauza au unanikataza?" aliuliza.

"Nauza. Milioni tisa."

"Fanya nane."

"Ikiwa nzima fundi anasema ni kumi na mbili. Hayo matatizo matano niliyokutajia nimeshayatoa mwenyewe. Ukitaka nipunguze tena, nitajie la sita."

Nilisikia akicheka upande wa pili. "Haya. Jumamosi nitakuja kulitafuta la sita."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi nililitafuta la sita mwenyewe. Niliingia uvunguni, nilipapasa waya, nilimrudia fundi mpaka akaanza kunikimbia. Kama kuna kitu nilikisahau, basi nitakuwa nimeficha, na kama nimeficha, bei yangu si ya haki, na huyu mtu ametoka Arusha na lori.

Alifika asubuhi na dereva wake. Alikuwa mfupi, mpole, mikono imejaa makovu ya ufundi. Alikaa uvunguni saa nzima. Mama alileta chai, ikapoa. Daudi alijifanya anaosha pikipiki. Mimi nilihesabu mabati ya banda. Hatimaye alitoka, akajipangusa, akasema, "Uvunguni hakuna cha zaidi. Tuendeshe."

Tulipanda, yeye kwenye usukani, mimi katikati kwa mazoea. Kwenye kilima cha kutokea Misunkumilo aliingiza gia namba mbili, na kabla haijaruka viganja vyangu vilikuwa vimeshaishika. Alinitazama.

"Nilikuambia," nilisema.

"Uliniambia."

Tuliporudi, watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejazana getini kulishangaa lori. Mtu wa Arusha alibonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena, kwa kiganja kizima. Kimya. Akageuka kunitazama taratibu, uso wote unatabasamu.

"La sita," alisema.

Honi! Siku zote hizo sikuifikiria honi hata mara moja. Na nilijua papo hapo kwa nini. Nilijipenyeza mpaka upande wa abiria, nikatoa kichwa dirishani, nikavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu: "Pisheniii! Landrova inapitaaa!" Watoto walitawanyika kama kuku. Mama, mlangoni, alifunika mdomo kwa khanga, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

"Unapunguza ngapi?" mtu wa Arusha aliuliza.

"Elfu hamsini."

Alilipa, tukasaini, landrova ikapandishwa kwenye lori na nyuki wawili watatu wakiifuata nyuma. Daudi alisubiri mpaka lori likate kona, kisha akalipuka.

"Elfu hamsini, Vero! Kwa honi! Honi mpya ni elfu kumi na tano!"

"Si ya kifaa," nilimwambia. "Honi nilikuwa mimi, na mimi siendi Arusha."